Daftari Lisilo na Tiki

"Nionyeshe tiki moja! Moja tu, Mwalimu Nereah!"

Makau alilipiga daftari la bintiye mezani hadi vumbi la chaki likaruka. "Watoto wa wenzangu wana tiki nyekundu ukurasa mzima. Kasyoka wangu ameandika nini muhula wote? Kurasa nyeupe kama sima!"

"Hajaandika, Baba Kasyoka. Amehesabu."

"Amehesabu wapi? Hewani?"

"Kwa vifuniko vya soda."

Wazazi wengine waliojazana darasani wakacheka kile kicheko cha kumtoa mtu nguo.

Mimi, bibi kizee, nilikuwa nimekaa mlangoni na karai langu la omena, wale samaki wadogo wa ziwani, maana kesi ilinigusa kidogo. Kila Jumatano Nereah huleta baadhi ya wanafunzi wake kwangu Kisumu Ndogo wapime omena kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Na ni mimi niliyemwambia jirani yangu Kavindu, tukingoja maji, kwamba Kasyoka alipima vizuri hadi omena wenyewe wakajipanga mstari. Kavindu hajui kubeba hadithi bila kuimwaga. Alipomfikia Makau, akasema eti nimemwandika mtoto kazi ya kuuza samaki.

Sasa Mwalimu Mkuu Wepukhulu alikuwa na barua ya kumwachisha Nereah kazi. Ilikosa kitu kimoja tu, sahihi ya mzazi mlalamishi.

"Weka sahihi, mzee," akasema, akimsukumia Makau kalamu. "Watu wana shughuli."

Nyinyi mnaodhani Nereah aliamka siku moja na wazimu huu, ngojeni niwaambie. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa mdogo, huko kwetu ziwani. Mwalimu wake alimkalisha nyuma kabisa, akamuuliza maswali asiyoyasikia, kisha akamchapa kwa kutojibu. Alichapwa hadi miti ya kijiji ikaisha, fimbo zikawa zinaletwa kwa mashua kutoka Uganda. Alipokuja Nairobi alifua nguo za watu kule mtaa wa Olympic miaka sita, jioni anasomea ualimu na vidole vimekunjamana kwa sabuni. Akapata shule Kawangware. Wakamfukuza kwa kosa hili hili: hesabu moja, njia tatu. Wenye mkono mwepesi wanaandika. Wenye mdomo wanaelezana wawili wawili. Na wale ambao ubao kwao ni ukuta tu, anawapa vitu washike. Watoto sabini, peke yake, katika chumba cha mabati hapa Mashimoni ambacho mmoja akipiga chafya ukuta unahamia kwa jirani.

Akifukuzwa mara ya pili, nani atamwajiri? Atarudi kwenye beseni.

"Kwetu Kitui," Makau akasema, "mwalimu alikuwa na njia moja na kiboko kimoja, na nikasoma!"

"Ukasoma ukafika wapi?" nikamuuliza.

"Shosho, nyamaza! Wewe shule hukuiona hata kwa dirisha!"

"Niliiona. Ndiyo maana nikakimbia."

Nereah hakucheka. Alimgeuzia Makau sikio zima, uso umekaza. "Kasyoka akinakili ubaoni, herufi zinamkimbia. Sasa nimpe tiki za uongo? Hapo utafurahi?"

"Ndiyo!" Makau alipiga kelele hadi Wepukhulu akashtuka. "Nitafurahi! Watu wanakuja kwa kioski changu cha maji, wanalinganisha madaftari ya watoto wao kwenye foleni, mbele yangu! La Kasyoka nalificha chini ya koti kama chupa ya chang'aa! Umeniaibisha, mwanamke!"

"Koti lako ndilo limekuaibisha. Mimi nimemfundisha mtoto."

"Umemfundisha kucheza na takataka!"

Akaichukua kalamu. Mama mmoja akasema, "Maliza, maliza." Nereah alianza kuokota chaki zake moja moja, akizitia mfukoni kana kwamba ashafukuzwa.

"Na kioski umemwachia nani?" nikamuuliza Makau. Sikuwa na nia njema, nilitaka tu kumchelewesha.

"Kasyoka. Kufungua mfereji hakuhitaji akili."

Akainamia barua. Alikuwa ameandika M, anaanza kuzungusha a, mara mlango ukasukumwa ukanigonga goti.

Alikuwa Kasyoka, amelowa hadi magotini, mkononi ana mkebe wa vifuniko vya soda. Hakusalimia mtu.

"Baba, tanki imebaki mitungi kumi na nane. Kila mtungi ukijaa natoa kifuniko kimoja kwa mkebe, na humu vimebaki kumi na nane. Na kwa foleni nimehesabu mitungi ishirini na tatu. Hao watano wa mwisho niwaambie waende kwingine, ama…"

Akaiona barua. Akamwona mwalimu wake na mifuko iliyojaa chaki. 

Makau alikuwa ameiweka kalamu chini. Nilimwona, mikono yake iko chini ya meza, anahesabu kwa vidole: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja…