Usiku mmoja tu kutoka Amsterdam

Jamani, leo ndege imetuharibia chakula.

Kaka Deo amerudi kutoka Amsterdam, mara ya kwanza tangu Baba afariki mwaka jana. Nilimsubiri stesheni tangu asubuhi, treni ikaingia jua linazama. Miguu siisikii.

Tukafika nyumbani Mlabani, Mama kashapika wali na kambale.

Sasa, kwetu umbali hatuulizi kwa maili. Tunauliza umelala wapi njiani. Mtu wa kijiji cha Mbingu akikwamishwa na mvua, akalala kwa watu, basi katoka mbali.

Mama akauliza, "Mwanangu, kutoka huko Ulaya hadi Dar umelala wapi na wapi?"

Kaka na sifa zake: "Silali popote, Mama! Napanda ndege jioni, asubuhi niko Dar. Iliyonichosha ni treni ya kuja huku."

Nikamfinya anyamaze. Wapi!

"Nasinzia hukohuko angani," akaendelea, "nikiamka naletewa chai."

Mama akaacha kupakua.

"Usiku mmoja?"

"Mmoja tu, Mama."

Akaweka mwiko chini, taratibu.

"Baba yako aliugua masika yote. Kila treni ikipiga honi ananituma nikakutazame. Mimi namwambia, vumilia mume wangu, mtoto yuko mbali."

Kambale yuko sufuriani mpaka sasa, hakuna aliyemgusa.

Nimechoka, jamani. Mwenye jibu la kumpa Mama aniambie. Kaka yuko nje kwenye ngazi.