Tepu Inayoanzia Kumi

Tepu yetu ya kupimia ilianzia kumi. Ilikatika mbele, ndugu yangu mkubwa akainyoosha kwa mkasi wa mabati na kuirudishia kile kidole chake cha chuma cha kushika ukingo. Mimi nilitaka kuitupa. Alikataa katakata, akasema tepu za siku hizi zinafutika namba kabla hujazizoea. Kwenye ukingo wa meza ya kukatia alikuwa amegongelea kipande cha tepu nyingine iliyokufa, hicho kikianza na sifuri. Basi karakana yetu ya Kawangware ikawa na sheria moja: anayepima nje husoma namba anayoiona, anayekata ndiye hutoa kumi. Miaka yote hiyo hatukukosea.

Kisha akaugua, akalazwa Upper Hill mwezi mzima. Alirudi na mikono mizima lakini alisahausahau. Aliacha chai ikakauka jikoni. Alimsalimia mteja mmoja mara mbili asubuhi moja, kwa bashasha ileile. Mimi kutulia sijui, na siku hizo nilizidi: msumeno ukinguruma nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Aliniona. Akaniambia yuko radhi kufanya lolote, ila si kuwekwa kwenye kiti mlangoni akaribishe wageni.

Wiki hiyo mama mmoja wa Lavington alituletea ubao wa mvule, kichwa cha kitanda cha marehemu mama yake. Alitaka rafu ya jikoni, ikae kati ya kuta mbili. Nikaenda kupima. Tepu ilisoma mia moja arobaini na mbili.

Nilirudi kwa miguu, maana kusimama stejini kungoja matatu kungenitia wazimu. Njia nzima niliwaza: akisahau kutoa kumi? Ubao ni huo mmoja. Kwa hiyo nikaitoa mwenyewe. Nilipofika nikamtajia mia moja thelathini na mbili, basi, sikuongeza neno. Kwamba angekumbuka halikunipitia akilini hata kidogo, na hilo linaniaibisha mpaka leo.

Alikata. Mimi nilikuwa nje, nikizungukazunguka.

Tulipoipeleka Lavington, rafu ilipwaya kati ya kuta, pungufu kwa sentimita kumi. Ndugu yangu akachukua tepu, akapima ile nafasi taratibu, midomo ikimchezacheza.

"Hapa ulisoma ngapi?"

"One forty-two."

"Na mbona uliniambia one thirty-two?"

Ningeweza kudanganya. "Nilidhani utasahau," nikasema.

Alimgeukia mwenye nyumba, akamwambia karakana imekosea na karakana itarekebisha. Tulirudi, akatafuta kile kipande kilichobaki, akakata vipande viwili vya sentimita tano na kuviunga huku na huku. Alifanya yote peke yake na sikuthubutu kumshikia hata msasa. Mama yule alipitisha kidole kwenye maungio, akasema inapendeza. Mimi nilitamani anigombeze.

Sasa namba naisoma ilivyo. Ndugu yangu hasahau tena kama alipotoka hospitali, au labda ni mimi nimeacha kumchunguza. Lakini kila nikimtajia kipimo huisimamisha penseli juu ya mbao, na huniuliza bila kuniangalia:

"Hiyo ni ya tepu, ama ushanitolea?"