Bahasha Niliyoilowesha

Ijumaa iliyopita simu kutoka Mbale ilinikuta nyumbani Mafubira, nje kidogo ya Jinja, ikaniarifu kuwa Hajji, muuza vitambaa wa mtaa wa Namakwekwe huko huko, amefariki na atazikwa alasiri ile ile. Sikuwahi maziko. Wasomaji wangu wa zamani huenda wanakumbuka niliwaahidi makala kuhusu mzee mmoja anayekusanya stempu za maua ya okidi. Makala hayo hayakutoka, na sababu yake nimeificha miaka miwili.

Mzee huyo ndiye Hajji. Albamu yake ilikaa dukani, nyuma ya majora ya vitenge. Stempu alizipata kwa kuandikiana na wakusanyaji wa mbali, waliohudhuria maonyesho ambayo yeye hakuwahi kuyaona. Kipenzi chake kilikuwa bahasha moja yenye stempu mbili za okidi ile ile, zilizotolewa siku moja na nchi mbili kwa makubaliano, na muhuri wa posta ya maonyesho ukizigusa zote mbili. "Hii maua ni ndugu, bwana," aliniambia. "Mama mbalimbali, lakini siku ya kuzaliwa ni moja. Muhuri ndiyo shahidi." Nikamwomba aniazime ili niandike nikiitazama. Akacheka. "Chukua, msomi. Lakini usimwagie chai!"

Chai sikuimwagia; nilifanya baya zaidi. Bahasha ilikuwa imechakaa na kuingia doa la mafuta, nami nikakumbuka tulivyobandua stempu shuleni: bakuli, maji ya uvuguvugu, subira. Nilikusudia kuzitia stempu zile kwenye fremu ya kioo, ziwe zawadi yake ya Idi. Sikumpigia simu kumuuliza. Mwenye shahada amuulize muuza vitambaa namna ya kubandua karatasi? Wino wa muhuri ukachuruzika, bahasha ikawa uji. Zikabaki stempu mbili safi zisizo na shahidi. Kila alipopiga simu na kuuliza, "Msomi, ndugu zangu hawajambo?" nilijibu, "Hawajambo, Hajji, bado naandika."

Jumapili nilikwenda Namakwekwe kuhani. Binti yake alinifungulia albamu kwenye ukurasa mtupu wenye maneno ya penseli: Iko Jinja, kwa msomi. Nikazitoa stempu mfukoni nikamweleza yote. Alirudi ukurasa wa kwanza, ambao siku zote niliupita kwa haraka ya kuifikia bahasha. Palikuwa na stempu zilizofifia na kujikunja, zimepangwa kwa uangalifu ule ule wa nyingine. "Hizi aliharibu mwenyewe na maji, wakati alianza," akasema. "Alikuwa anaonyesha watu, anacheka. Ungemwambia tu, kaka."

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofunzwa. Elimu yangu ilinizuia kuuliza, kisha ikanipa maneno mazuri ya kuficha. Binti yule alinionyesha nafasi kwenye ukurasa wa kwanza, nikazipanga pale zile mbili, pamoja na zilizoharibika. Ukiharibu cha mtu, mwambie angali anakupigia simu. Akishaondoka, utaungama kwa watu ambao hawakuwa wakikungoja.