Kimeu na Laini ya Kithyoko

Mwaka wa 2001 Kimeu alikuwa mtu wa kompyuta katika ghala la dawa mjini Machakos. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake Nthenya ameolewa Voi, na jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga kisichokuwa na wa kumfungulia mlango.

Orodha ya dawa ilikaa kwenye kompyuta yake, na nakala zake katika zahanati za Masii na Kithyoko. Kila asubuhi kompyuta hiyo ilizipigia mashine za zahanati kwa laini ya simu na kuzisukumia mabadiliko ya orodha. Masii haikuwa na shida. Kithyoko walitegemea jenereta, na mara nyingi mashine yao ilikuwa imezimwa. Hapo Kimeu aliinua simu mwenyewe.

"Wakya, Kaluki?" alimwamkia kwa Kikamba.

"Aa, Baba Nthenya," alijibu karani wa huko. "Ngoja niwashe jenereta."

Wakingoja mashine iamke, waliongea: mvua iliyokawia, mbuzi wa Kaluki aliyezaa mapacha, Kimeu amelalaje. Hakuna mwingine aliyemuuliza amelalaje.

Mwezi wa Julai msimamizi, Bwana Bartholomew, alimjia amekunja uso. Laini ya Kithyoko ilikuwa imekatika kila asubuhi kwa siku nne. Kithyoko, wakisoma orodha ya zamani, wakamtuma mgonjwa Machakos kufuata dawa iliyokwisha.

"Hakuna njia ingine?"

Ilikuwepo, na Kimeu aliijua tangu mwanzo. Kithyoko wangevuta wenyewe: wakiwasha jenereta na laini ikiwepo, mashine yao ingepiga simu na kuchukua mabadiliko. Siku zote alijiambia ni heri kila kitu kisimamiwe kutoka makao makuu.

"Iko," alisema polepole. "Masii tuendelee kusukuma. Kithyoko wavute."

Alienda mwenyewe Kithyoko kuiweka njia hiyo. Kaluki alimpa kiti, akarudi kwa foleni ya wagonjwa. Kazi ilipokwisha, alikuja akitabasamu.

"Sasa hatutakusumbua tena. Nilikuwa naona haya, kukupotezea asubuhi yote."

Kimeu alifunga mkoba wake wa vifaa. "Kazi ni kazi," akasema.

Tangu hapo orodha ilifika bila yeye kugusa chochote, na Bartholomew akamsifu mbele ya wote. Wiki ya tatu Kimeu alipiga Kithyoko, akidai anakagua.

"Iko sawa, Baba Nthenya. Niko na watu hapa."

Hakupiga tena. Kufikia Desemba alikuwa amejiunga na kwaya ya kanisa, sauti ya besi, na kila Jumamosi alifika mazoezini saa nzima kabla ya mlango kufunguliwa.