Mabakuli ya Barafu

Enzi zetu pale Ujiji barafu ilitoka kwenye moto, na mpaka leo sijaelewa ilikuwaje. Friji la mama lilikuwa la mafuta ya taa: chini tangi na utambi, nyuma bomba jeusi la moshi, na juu, ndani ya kisanduku kidogo, maji yaligeuka jiwe. Nililala kifudifudi sakafuni nikichungulia ule mwali wa buluu. Nikishika bomba, naungua. Nikishika barafu, naungua vilevile. Nilipomuuliza mama, alikuwa na jibu moja tu: "Ukiufungua mlango huo tena, barafu itakasirika na wewe utalala bila futari." Nikaamini barafu ina hasira.

Kulitunza lile friji ilikuwa kazi ya heshima. Kila Alhamisi mama aliukata utambi kwa mkasi wake wa kushonea, akafuta masizi, akasukuma kigae chini ya mguu mmoja ili lisimame sawa. Mwali ukiwa wa njano alinuna siku nzima, na sisi tulitembea kwa ncha za vidole kama nyumba ina mgonjwa.

Ramadhani ndiyo ilikuwa sikukuu ya friji letu, kwani mtaa mzima ulikuwa na hilo hilo moja. Ikishaswaliwa alasiri, watoto walikuja na mabakuli ya bati. La Mama Zuhura lilikuwa na ua jekundu, la Mzee Kitwana lilikuwa limetoboka likazibwa kwa risasi ya kuyeyusha. Mama aliipasua barafu kwa nyundo ndani ya gunia, akagawa bure, na hata magharibi ikiingia hakugusa maji yake mpaka bakuli la mwisho limeondoka. Kesho yake mabakuli yalirudi na samaki wa ziwani, migebuka ya kuchoma, au mihogo.

Sasa mwanangu aliyeko Dar ameniletea mashine ya barafu ya kukaa juu ya meza. Anasema ni rahisi. Watoto wa leo kila kitu kwao ni rahisi, wameikuta barafu ikitoka kwenye kitufe. Mashine ikaniwashia taa ya kudai maji ilhali imejaa. Nikaongeza, taa ikabaki. Nikaongeza tena, maji yakamwagika mpaka chini ya kabati. Nikampigia, akasema, "Mama, soma mwongozo." Mwongozo wenyewe wa Kichina. Na kabla haijagoma, vipande vikianguka kwenye kikapu chake iliviacha viyeyuke, ikayavuta maji yaleyale, ikayagandisha upya. Sijui ni kazi gani hiyo.

Ningeiacha, ila friji langu haligandishi tena, na mama yangu alikuwa hanywi maji. Ni mzee sana sasa, yuko kitandani chumba cha pili, na siku zake zimechanganyika. Ramadhani hii daktari amemkataza kufunga, akasisitiza anywe. Lakini kila nikimpelekea kikombe alikisukuma. "Mabakuli ya watu yako wapi? Barafu haijagawiwa." Siku ya pili midomo yake ilianza kupasuka, nami nikaogopa kweli.

Nikaifunua mashine, nikaona ndani ukoko mweupe, uleule wa kwenye birika. Maji yetu ya ziwa ndivyo yalivyo. Utotoni kazi yangu ilikuwa kusugua birika kwa ndimu. Basi nikakamua ndimu nne kwenye maji, nikayaacha humo saa nzima, nikachomoa kizibo cha chini yakatoka, nikasuuza mara mbili. Taa ikazimika. Vipande vikaanza kuanguka.

Nikabisha hodi kwa jirani kuomba bakuli lake nimtilie barafu. Akanitazama bila kuelewa. "Dada, barafu ninayo. Nani hana friji siku hizi?" Alisema kweli. Zamani friji moja lilitujua wote kwa mabakuli yetu. Leo kila nyumba ina friji lake, na sijui hata bakuli la jirani lina rangi gani.

Nikarudi, nikatoa mabakuli yangu mwenyewe saba ya plastiki, nikayapanga kando ya kitanda pamoja na barafu. Mama akajiinua. Akagawa kipande kwa kipande. "La Mama Zuhura. La Mzee Kitwana." Akawataja sita, wote tumeshawazika. Likabaki moja.

"Hili la binti yangu," akasema. "Yuko ziwani anacheza, kichwa chake kigumu. Mwiteni."

Nikatoka mpaka ukumbini, nikasimama pale na miaka yangu sitini na minne, nikarudi.

"Nimekuja, mama."

"Umechelewa," akasema, akanipa bakuli langu. Kisha akaomba maji, akanywa yote.