Karatasi Namba Ishirini na Tatu

Juzi kanisani mama mmoja aliyeketi mbele yangu alifungua kikopo chake cha ugoro wakati mchungaji anasoma matangazo. Harufu ile kali ikanipanda puani, nikapiga chafya mara tatu, watu wakageuka kunitazama. Laiti wangejua. Kwa dakika ile sikuwa bibi kizee mwenye miwani; nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama katika nyumba ya kukhu, yaani nyanya yangu, karibu na Myanga. Jambo hili sikumwambia hata marehemu mume wangu, kwa hiyo mnivumilie nikilieleza polepole.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami niko darasa la tatu. Shule yetu ilikuwa ya kuta za udongo, na kila Ijumaa sisi wasichana tuliipaka sakafu samadi ya ng'ombe ili Jumatatu tuikute imekauka. Ubao ulikuwepo. Vitabu vya kusoma havikuwepo. Mwalimu wetu, Mwalimu Eliakimu, aliwahi kufanya kazi Kitale, na huko, katika duka la Mhindi, alikuwa amenunua riwaya moja nyembamba ya Kiswahili yenye jalada la kijani. Kilikuwa kisa cha mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake, akatembea nchi nzima akitafuta mtu wa kumsikiliza. Sisi tulikuwa wanafunzi thelathini na watano, na kitabu ni hicho kimoja.

Mwalimu mwingine angetusomea sisi tukisikiliza. Huyu wetu alichukua wembe akakata nyuzi za kitabu mbele ya macho yetu, sisi tuliofundishwa kushika kitabu kama mtu anavyoshika yai. Akaandika namba kwa penseli nyekundu kwenye pembe ya kila karatasi, akatugawia, kila mtoto yake moja, kurasa mbili, mbele na nyuma.

"Hiyo ndiyo sehemu yako ya kisa," alisema. "Ukiipoteza, umekipasua kisa cha wenzako wote."

Kazi ya muhula mzima ikawa hiyo: kusoma karatasi yako mpaka usikwame popote, kuinakili kwa mwandiko mzuri, kuyaeleza maneno yake magumu. Mwisho wa muhula wazazi wangekuja, nasi tungekaa kwa kufuata namba na kusoma mmoja baada ya mwingine, kisa kitoke mwanzo hadi mwisho. Mpaka siku hiyo hakuna mtoto aliyekijua chote. Wakati wa mapumziko tuliulizana habari za yule mjane kana kwamba ni jirani yetu. Kwako amefika wapi? Bado anatembea? Amepata chakula?

Mimi nilikuwa na namba ishirini na mbili, mahali mjane anapovuka mto. Nekesa, rafiki yangu tuliyekaa benchi moja, alikuwa na ishirini na tatu, mahali anapobisha hodi kwa hakimu. Nilikuwa msomaji bora darasani, na msidhani najisifu, maana sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Nekesa alisoma kwa kidole, neno moja moja, midomo ikimcheza, lakini hakuwa mtu wa kuchoka. Kila mchana tukirudi nyumbani nilimsikiliza akisoma, nikamrekebisha, akarudia.

Alikuwa na sababu ya kujitahidi hivyo. Baba yake alitaka kumpeleka Malakisi kwa ndugu yake, akasaidie kufunga majani ya tumbaku. Mwalimu alimsihi, na mzee akatoa neno lake: siku ya wazazi akimwona Nekesa anasoma, ataingia darasa la nne, asipomwona, atakwenda Malakisi. Darasa zima tulilijua neno hilo, na mimi kuliko wote.

Siku moja kabla ya wazazi kuja, niliiacha karatasi yangu juu ya kigoda nikashinda mtoni nikifua na kuteka maji. Niliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. Kukhu alikuwa ametoka sokoni Myanga, ambako aliuza ugoro aliousaga mwenyewe, na nyumba nzima ilinuka.

"Kukhu, karatasi yangu iko wapi?"

"Ile kalatasi? Si ilikuwa imelala hapo tu? Nimefungia watu ugoro. Nguvu yake mzuri, haipasuki."

Alinisifia karatasi yangu kwa furaha kabisa. Alikuwa ameikata vipande vinne, na mjane wangu alikuwa amekwenda na wazee wanne njia nne. Sikuweza kumkasirikia. Maandishi kwake yalikuwa uchafu kidogo juu ya karatasi nzuri.

Ningeweza kumwambia Mwalimu. Najua sasa kwamba angeugua moyoni, angenichapa viboko viwili, mambo yakaisha. Lakini mimi nilikuwa msomaji bora, na sikutaka kusimama mbele ya wazazi kama mtoto aliyekipasua kisa. Kurasa zangu nilizijua kwa moyo. Nilihitaji kitu cha kushika mkononi tu. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya wazazi, wenzangu wakiimba uani, nilirudi darasani nikaingiza mkono katika kikapu cha Nekesa, nikaitoa karatasi yake ndani ya kitambaa alichoifungia. Hata yeye anazijua zake kwa moyo, nilijiambia, si nimemfundisha mwenyewe? Nilijiona sijaiba.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nimeikamata namba ishirini na tatu kwa vidole juu ya ile pembe nyekundu, nikasema maneno ya ishirini na mbili. Macho niliyapeleka kushoto na kulia kama msomaji wa kweli. Akina mama waliguna kwa furaha.

Nekesa akapekua kikapu chake, akakung'uta kitambaa. Kisha akasimama, mikono imeshuka mbavuni, akazisema kurasa zake zote mbili bila kukosea neno. Sijawahi kumsikia mtoto akisema vizuri hivyo. Alipomaliza, baba yake akainuka.

"Mwalimu, huyu hasomi. Huyu anaongea tu. Kalatasi iko wapi?"

"Mzee, hayo ni maneno ya kitabu, neno kwa neno."

"Mimi nilisema nione anasoma. Huyu mwingine nimeona," akaninyooshea kidole mimi. "Huyu yangu anaangalia ukuta."

Mwalimu akampa Nekesa karatasi ya mtoto aliyemfuata, namba ishirini na nne. Nekesa akaikodolea macho, machozi yakaanza kudondoka juu yake, na sauti haikutoka. Baba yake hakumfokea. Alisema tuendelee, atangoja mpaka mwisho, asiwaharibie watu siku ya watoto wao. Basi Nekesa akaketi, bega lake likigusa langu, na watoto kumi na wawili waliobaki wakasoma. Mimi niliikunja ile karatasi mara nne nikaikalia. Mjane alirudishiwa shamba lake na wazazi wakapiga makofi.

Kisha mzee akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Mwalimu alipokusanya karatasi, nilimpa ile yenye mikunjo, namba ikitazama chini. Akaigeuza. Aliiona ile namba nyekundu, akaniambia niende nyumbani. Nilisikia baadaye kwamba jioni hiyo alipanda baiskeli hadi kwa akina Nekesa, karatasi mkononi, akajibiwa kwamba mzee ameshaona alichotaka kuona. Mimi hakunichapa. Ila hakuniita tena kusoma mbele ya darasa, na nilijua ni kwa nini.

Niliendelea na shule. Nikawa mwalimu, tena huko huko Kitale, nikafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka mingi, na kila mtoto wa kike aliyesoma kwa kidole alinichoma moyo. Siku moja sokoni, nikichagua vitunguu, muuzaji akacheka.

"Mwalimu! Ati hunijui tena?"

Alikuwa Nekesa, amenenepa, na mjukuu mgongoni. Nilianza kutapika yote pale pale, mbele ya wateja: kukhu, ugoro, kikapu. Hata sikufika mbali.

"Hiyo najua," alisema. "Si nilikuona."

"Uliniona lini?"

"Hapo hapo, ukisoma. Namba yangu nyekundu ilikuwa inatokea kwa kidole yako."

"Na kule kutafuta kikapuni?"

"Ningefanya nini? Watu walikuwa wananiangalia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinifungia vitunguu vyangu kwanza, akapiga fundo.

"Nilijua utasema wewe," akaniambia. "Ulikuwa rafiki yangu. Baba alisema atangoja mpaka mwisho, nikafurahi, nikajua sasa uko na wakati. Nikawa nasema, huyu akimaliza, atasimama. Huyu akimaliza, atasimama."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza tu, na tayari mteja mwingine alikuwa anauliza bei.

Miaka yote hiyo nilijifariji kwa jambo moja, kwamba Nekesa hakujua ni nani aliyemfanyia vile. Nilidhani kosa langu ni kuiba karatasi asubuhi, na kwamba lilikuwa limekwisha kutendeka kabla wazazi hawajaketi. Sikuelewa kwamba bega lile lililogusa langu lilikuwa la mtu anayengoja. Watoto kumi na wawili walisimama, wakasoma, wakaketi, na kila mmoja alipoketi Nekesa alitazama kama nitainuka. Nami nilikaa.