Aliye Tumboni Halii Njaa

Nyuma ya karakana yetu kuna ukuta. Sisi mafundi tukibanwa, haja ndogo tunamalizia pale.

Asubuhi moja nikakuta sisimizi wamejaa pale nilipokojoa mimi. Pangu tu. Pa wenzangu, hakuna hata mmoja.

"Fito, umerogwa wewe!" mwenzangu akacheka mpaka akashika mbavu.

Fito ndiye mimi. Jina la utani, kwa wembamba huu.

Nikacheka naye. Moyoni nikasema, mh.

Wiki haikuisha, nikaanguka nikiwa nachomelea geti. Kuzinduka, nipo zahanati, mama pembeni kashika viatu vyangu, na daktari anakitazama kipimo kama kimemtukana.

"Kaka, sukari imepanda vibaya. Soda unakunywa?"

"Sinywi."

"Pombe?"

"Wala."

Jamani! Dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa anakula kila kitamu, na sukari haimjui. Mimi fito, nashinda nabeba vyuma, ndiye niliyechaguliwa!

Daktari akamgeukia mama. "Mama, ujauzito wa huyu, chakula ulikuwa unapata?"

Mama akaviweka viatu chini. Akatoka nje.

Daktari akanieleza taratibu. Mjamzito akikosa chakula, mtoto tumboni anajifunza kubana matumizi. Kongosho, kiungo kinachodhibiti sukari, huenda lisikue vizuri. Ukubwani anakuwa kwenye hatari zaidi.

"Si kila mtoto, na siwezi kuapa kwamba kwako ndiyo sababu. Ila inachangia."

"Sasa tunarekebishaje?"

"Ya tumboni hayarudi nyuma, kaka. Tutadhibiti tu."

Nikamkuta mama kwenye benchi nje.

"Mwaka ule mavuno hayakuwepo," akasema bila kunitazama. "Sahani ilikuwa moja. Dada yako analia njaa mchana kutwa. Wewe uko tumboni, hulii. Nikampa anayelia."

Ningemlaumu kwa lipi?

Nikamshika mkono. Tukakaa.

Dawa nikaanza. Macho nayo yakaanza kuona ukungu, na fundi wa kuchomelea asiyeona atafanya nini karakana? Bosi akaniambia nipumzike kwanza. Nyumbani kukaanza kukauka.

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, tumbo ndiyo limeanza kuonekana. Kila mchana ananiwekea maharage na mboga za majani.

"Kula, mume wangu. Daktari kasema usikae na njaa."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshakula jikoni."

Kila siku jibu hilohilo. Nami nikaamini. Ningejuaje?

Siku mama alipokuja kunijulia hali, akamkuta mke wangu ananiandalia. Akasema lile neno lake, ameshakula jikoni. Mama akamgeukia ghafla.

"Mwanangu, umekula nini huko jikoni?"

Mke wangu akanisogezea kijiko.

Mama akainuka akaenda mwenyewe. Sufuria tupu, limeshaoshwa, limefunikwa. Akarudi machozi yanamtiririka.

"Ndivyo nilivyokuwa namwambia baba yake huyu," akasema. "Nimeshakula jikoni. Maneno yaleyale."

Mke wangu akainamisha kichwa. "Ningefanyaje, mama? Huyu ndiye mgonjwa. Huyu ndiye ninayemwona."

Nikamsukumia sahani. Akanirudishia. Nikamsukumia tena. Mama katikati anatutazama.

Maana nisipokula, dawa inashusha sukari mno, inaniangusha. Asipokula yeye, anaangushwa mtu ambaye hatujamwona hata sura.

Mwisho tukagawana, yeye analia huku anatafuna. Haikututosha. Kesho yake tukagawana tena, haikututosha tena. Hadi leo naandika haya, mtoto hajazaliwa, na sijui anajifunza nini humo ndani.

Sina ushauri mkubwa, wapendwa. Mkiwa na mjamzito nyumbani, msimuulize kama amekula. Atawaambia ndiyo.

Kaeni naye. Mwoneni akila.